Mjomba anasema damu imeshasafika

BARUA

Shikamoo Mshauri,

Naomba jina langu lisitajwe. Mimi ni binti wa miaka 29, mteknolojia katika maabara moja ya binafsi hapa Mtwara mjini. Nyumbani kwetu ni Newala. Jambo linalonisumbua linamhusu mjomba wangu, kaka yake mama, mwenye miaka 57. Wewe unatujua watu wa huku, mjomba si mtu wa pembeni. Ndiye mkubwa wa ukoo, ndiye aliyenilipia ada tangu sekondari mpaka chuo, na akishasema, jambo limekwisha.

Mjomba ana kisukari cha miaka mingi, na presha iliyogundulika juzijuzi. Mwezi uliopita, baada ya swala ya alfajiri, alishikwa na maumivu katikati ya kifua, yakapanda mpaka kwenye taya la kushoto. Walimwahisha kituoni, hata saa moja haikupita. Wakampima troponini, ile protini ya moyo, kwa kipimo cha haraka, kile cha kaseti cha matone ya damu. Ukatoka mstari mmoja tu, ule wa kuonyesha kwamba kipimo kinafanya kazi. Wakasema moyo ni mzima, hivyo ni vidonda vya tumbo. Wakampa omeprazo na dawa ya gesi, akarudi nyumbani. Jioni alikuwa anatiririka jasho la baridi na kutapika. Tukampeleka hospitali kubwa. Huko ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ilikuwa na mabadiliko, na troponini ikasoma juu sana. Alilazwa siku sita, akachomwa tumboni sindano za kuzuia damu isigande, akaruhusiwa na vidonge vya aina tano. Daktari akaandika rufaa aende Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, akapigwe picha ya mishipa ya moyo, ile anjiografia.

Sasa ni wiki ya nne na mjomba amegoma. Wiki iliyopita alikuja kazini kwetu akataka nimpime troponini. Nikampima, ikatoka chini ya kiwango. Tangu siku hiyo karatasi ile haimtoki mfukoni, kila anayekuja kumjulia hali anaonyeshwa. "Damu imeshasafika," anasema. "Dar nikafanye nini?"

Kama hilo halitoshi, binamu yangu aliyeko Dar ameleta habari nyingine. Kuna mtu anauza kipimo kipya cha vifuko vidogo vinavyotoka kwenye seli. Anasema kinavihesabu vifuko hivyo kwenye damu na kinatabiri shambulio la moyo miezi kadhaa kabla halijatokea. Bei ni laki sita na nusu. Mgonjwa hana haja ya kusafiri, damu inatolewa Mtwara, inawekwa kwenye tyubu yoyote ya kizibo cha zambarau, anakabidhiwa kondakta wa basi, majibu yanakuja kwa WhatsApp. Mjomba amefurahi kweli. Hela ya korosho imeingia, ila haitoshi kufanya yote mawili. Akilipia kipimo hiki, nauli, malazi na gharama za hospitali Dar itabidi zisubiri msimu mwingine.

Na wa kumtoa damu ni mimi. Kikao cha ukoo kimeshakaa, wameshakubaliana. Mama alinivuta pembeni akaniambia: "Mjomba wako hajawahi kukunyima kitu. Damu tu ndiyo inakushinda?"

Mshauri, nami nafsi yangu haijatulia. Nimesoma mtandaoni kuhusu hivyo vifuko, nimekuta ni sayansi ya kweli, watafiti wakubwa wanavichunguza. Kama troponini inayosifiwa kila mahali ilimkosa mjomba asubuhi ile, nani kasema hiki kipya si bora? Nikikataa na mjomba akaanguka, watasema nilimnyima kipimo. Nikikubali, na karatasi ikaja imeandikwa "hatari ndogo", najua hata vidonge ataacha. Tayari ameanza kuruka kile cha usiku, anasema kinamchosha miguu.

Nimtoe damu au nikatae?

Binti wa Newala


JIBU

Marahaba, binti yangu. Pole kwa kuuguza, na pole zaidi kwa kuwekwa mahali ambapo mkono wako wa kazi na heshima ya mjomba vinavutana. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Nikikuelewa, mjomba alipata shambulio la moyo, akatibiwa, amepata nafuu, na sasa anaiamini karatasi ya damu kuliko maneno ya daktari. Ukoo umekubaliana kutumia hela ya korosho kwa kipimo kingine cha damu, na wewe unayeielewa damu ndiye unayetakiwa kushika sindano. Umeniuliza umtoe au ukatae. Nitafika huko, lakini kwanza turudi nyuma kidogo, maana katika barua yako kuna mambo matatu umeyachukua kama yalivyosemwa, nami nadhani kila moja lingefaa kutazamwa upya.

La kwanza ni kwamba troponini "ilimkosa" mjomba asubuhi ile. Troponini ni protini ya ndani ya msuli wa moyo. Sehemu kubwa imefungwa kwenye nyuzi zinazoukaza msuli, na kiasi kidogo tu kinaelea katika majimaji ya seli. Mshipa ukiziba, seli hazifi papo hapo, na hata zikishaumia inachukua muda protini ile ivuje hadi ifikie kiwango ambacho kipimo kinaweza kukiona. Mashine za kisasa zenye uwezo wa kunasa viwango vidogo sana huanza kuiona saa mbili hadi tatu baada ya maumivu kuanza. Vipimo vya zamani huhitaji saa tatu hadi sita. Mjomba alipimwa kabla hata saa moja haijaisha. Ni kama kwenda ghala la chama kuhesabu magunia wakati korosho bado iko shambani: utakuta ghala tupu, na si kwamba mikorosho haikuzaa.

Ongeza na aina ya kipimo. Kaseti nyingi za haraka huchora mstari wa pili pale tu troponini inapofika 0.5 ng/ml, yaani 500 kwa kipimo cha ng/L (nanogramu kwa lita). Linganisha na mashine ya troponini T ya kisasa, ambayo kikomo chake cha mtu mzima wa afya ni 14 ng/L. Kati ya 14 na 500 kuna nafasi pana, na mgonjwa wa kweli wa moyo anaweza kukaa humo saa nyingi huku kaseti ikisema hamna kitu. Tena kaseti haisemi ni kiasi gani, wakati utambuzi wa shambulio la moyo, kwa ufafanuzi wa kimataifa wa mwaka 2018, unataka kuona troponini ikipanda au ikishuka kati ya kipimo na kipimo, huku angalau namba moja ikiwa juu ya kikomo, pamoja na dalili au mabadiliko ya ECG. Namba moja ya saa moja haiwezi kutoa jibu hilo. Wewe mwenyewe unajua pia kwamba kaseti husomwa kati ya dakika 10 na 15, na kwamba ikikaa kwenye stoo yenye joto la zaidi ya nyuzi 30 haiaminiki tena. Stoo ngapi huku kwetu zinapita hapo mwezi wa kumi na moja?

Kwa hiyo kipimo kilijibu sawasawa swali dogo lililoulizwa. Lililokosekana asubuhi ile ni ECG ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike, na damu ya pili saa tatu hadi sita baadaye. Huenda kituo hakikuwa na mashine, siwezi kuwahukumu kutoka hapa. Ila nakuomba usiibebe asubuhi ile kama ushahidi kwamba vipimo vinavyojulikana ni vibovu na kipya ndicho kitaokoa. Ukianza na dhana hiyo, muuzaji ameshashinda kabla hujamwuliza swali.

La pili ni lile linalomfurahisha mjomba. Karatasi yako ya wiki iliyopita ni ya kweli, na hukukosea kitu katika kupima. Troponini I hurudi chini ndani ya siku 7 hadi 10, na troponini T siku 10 hadi 14. Mjomba alikuwa ameshapita wiki tatu. Ingekuwa bado juu, hapo ndipo ningeshtuka, nikawaza jeraha jipya, au figo, au moyo ulioshindwa kusukuma. Kushuka kwake kunasema hakuna msuli wa moyo unaoumia sasa hivi. Hakusemi chochote kuhusu mshipa wenyewe. Utando wa mafuta uliopasuka ukaita damu igande bado uko ukutani, na pengine iko mingine mahali pengine, hasa kwa mtu mwenye kisukari cha miaka mingi. Hilo halionekani kwenye damu, hata uipime mara kumi. Ndiyo maana daktari ameomba picha.

Nadhani hapa una neno la kumwambia mjomba lisilomvunjia heshima hata kidogo: kwamba karatasi anayotembea nayo ni habari njema, ni sahihi, na imejibu swali moja. Swali la pili halijaulizwa bado.

La tatu ni vifuko. Umesema kweli, si uganga. Mwaka 1967 mtafiti Peter Wolf wa Uingereza alionyesha kuwa plazma, yaani majimaji ya damu, ina vijipande vidogo vinavyotoka kwenye chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, akaviita vumbi la chembe sahani. Leo tunajua karibu kila seli humwaga vifuko vya namna hiyo: chembe sahani zaidi ya wote, kisha chembe nyekundu, chembe nyeupe, seli zinazotandaza ukuta wa ndani wa mishipa, na kwa kiasi kidogo msuli wa moyo. Vingine vina ukubwa wa nanomita 30 hadi 150, vingine 100 hadi 1000. Chembe nyekundu ina nanomita kama 7,500, basi pata picha ya udogo wake. Vingi vimebeba juu yake mafuta aina ya fosfatidilserini, ambayo hurahisisha damu kuganda, na ndani vina protini na maikro-RNA, yaani vipande vifupi vya taarifa za kijeni. Vile vya msuli wa moyo hubeba maikro-RNA zinazojulikana kwa namba zake, kama 1, 133a, 208 na 499. Tafiti zimeonyesha kuwa watu wenye shambulio la moyo wana vifuko vingi vya chembe sahani na vya ukuta wa mishipa kuliko wenye ugonjwa wa moyo uliotulia. Matumaini ya watafiti ni makubwa na wana haki ya kuwa nayo, maana seli iliyobanwa inaweza kumwaga vifuko hata kabla haijafa.

Lakini kutoka hapo mpaka laki sita na nusu za mjomba, njia ni ndefu.

Vifuko hivyo hivyo hupanda kwa kisukari, kwa presha, kwa uvutaji sigara, kwa selimundu, kwa maambukizi. Hupanda kwa malaria kali. Mjomba ana kisukari na presha, na anaishi mkoa ambao malaria haijaondoka. Namba yake ikija juu, utajuaje ni ya nini? Ikija chini, chini kuliko nani? Hakuna kikomo kilichokubalika cha watu wazima wenye afya, kama kile 14 cha troponini T. Maabara mbili zenye mashine tofauti zinaweza kupima damu ya mtu mmoja zikatoa hesabu zilizoachana mbali, kwa sababu vifuko vingi ni vidogo mno kwa mashine za kawaida za kuhesabia chembe (flosaitomita), na chembe za mafuta ya chakula zina ukubwa uleule, hivyo mtu aliyetoka kula wali wa nazi anaweza kuhesabiwa mafuta kama vifuko. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2023 kuhusu shambulio la moyo unategemea dalili, ECG na troponini, wala vifuko havimo kama kipimo cha kumwamulia mgonjwa matibabu.

Kisha kuna hilo la basi, na hapa nakusemesha kama mtu wa maabara. Wanaopima vifuko kwa umakini hutumia sindano ya geji 21, hawabani mkono muda mrefu, na mililita mbili tatu za kwanza huzitenga, kwa sababu kuchoma kwenyewe kunaamsha chembe sahani. Huweka damu kwenye tyubu ya bluu ya sitreti 3.2%, sehemu moja kwa tisa za damu, wakaisimamisha wima bila kuitikisa. Ndani ya saa moja au mbili huizungusha kwenye sentrifuji, mashine ya kutenganisha damu, kwa nguvu ya 2,500 g kwa dakika 15, wakachukua plazma bila kugusa tabaka la chini, wakaizungusha tena vilevile, ndipo wakaigandisha kwenye nyuzi hasi 80. Mzunguko wa pili una sababu: chembe sahani zikibaki kwenye plazma zikagandishwa, zikiyeyuka zinapasuka na kila moja inakuwa vifuko vingi. Sasa chukua damu nzima, haijazungushwa, iweke kwenye begi la kondakta kutoka Mtwara, ipite Lindi, Nangurukuru, Somanga, joto la gari na mitikisiko ya barabara ya zaidi ya kilomita 550. Chembe sahani zitakuwa zikimwaga vifuko njia nzima ndani ya tyubu. Mashine ya Dar, hata iwe nzuri namna gani, itahesabu vifuko vilivyozaliwa barabarani pamoja na vya mjomba, bila njia ya kuvitenganisha. Na muuzaji anayesema "tyubu yoyote ya zambarau" ama hajui haya, ama anayajua.

Naona hapo umeshapata sababu ya kitaalamu, si ya ukaidi. Je, sababu hiyo inatosha ukikaa mbele ya mjomba? Sina hakika, na nadhani nawe huna, ndiyo maana umeandika.

Tuzitazame njia zako. Ukimtoa damu, utalinda amani ya nyumba kwa wiki moja au mbili. Karatasi itakuja. Ikisema hatari ndogo, umeshaniandikia mwenyewe kitakachofuata. Ikisema hatari kubwa, hela ya kwenda Dar itakuwa imepungua, na ukoo utashika hofu bila mahali pa kuipeleka. Kuna na wewe pia: sampuli itatoka kazini kwenu bila fomu ya daktari, kwenda kwa mtu ambaye hujaona usajili wake. Likitokea la kutokea, jina litakalotafutwa ni la aliyechoma.

Ukikataa moja kwa moja, mkono wako utakuwa safi, lakini binamu atatafuta mtu mwingine wa kuchoma, kwa sababu wachomaji hawakosekani. Utakuwa umetoka kwenye jambo, na mjomba atabaki ndani yake, bila mtu wa kumfafanulia karatasi itakapokuja. Hilo la "watasema nilimnyima kipimo" ni zito, silipuuzi. Ila fikiria pia kwamba ukoo wako hawajasikia haya niliyokuandikia hapo juu. Walichosikia ni bei na ahadi.

Njia nyingine haipiti kwenye damu kabisa. Umeniandikia kwamba mjomba amegoma, hukuniandikia anaogopa nini. Umemwuliza? Simaanishi kwenye kikao, namaanisha nyinyi wawili, au kupitia mama yako, ambaye ni dada yake na ana mlango ambao wewe huna. Watu wengi wakisikia picha ya mishipa ya moyo wanadhani kifua kinapasuliwa. Ukweli ni kwamba mgonjwa hulala macho, hupigwa ganzi kwenye kifundo cha mkono au kwenye nyonga, mpira mwembamba wa kama milimita mbili hupitishwa kwenye mshipa hadi kwenye moyo, dawa inayoonekana kwenye eksirei huingizwa, picha zinachukuliwa. Mara nyingi haifiki saa moja. Wakikuta mahali pamebana sana, mara nyingine wanaweza kupatanua na kuweka stenti, kijibomba cha kuushikilia mshipa wazi, palepale, basi waulize mapema kama gharama hiyo imo. Hatari zipo na mjomba ana haki ya kuambiwa: kuvuja damu au kuvimba palipotobolewa, dawa ya picha kuumiza figo hasa kwa mwenye kisukari, na mara chache kiharusi au shambulio lingine. Kwa ajili ya figo, kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, hupimwa kabla. Kama anatumia metformini, dawa ya kisukari, daktari atamwambia kama inasimamishwa na lini anairudia.

Wengine hawaogopi mpira, wanaogopa kufia mbali, na gharama ya kusafirisha mwili kurudi Newala. Hilo huwezi kulijibu kwa namba za maabara. Wengine ni hela tu, na wanaona aibu kuitaja mbele ya wadogo zao. Kama ni hela, ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali iliyotoa rufaa ndiyo mahali pa kuanzia, na uwaulize hapohapo kama wataalamu wa moyo kutoka Dar wana ratiba ya huduma za mkoba Kusini. Taasisi hiyo hupeleka madaktari mikoani, na ingawa mkoba hauji na mtambo wa picha ya mishipa, mjomba anaweza kukaa na bingwa uso kwa uso, akaambiwa kwa kinywa cha aliyezoea.

Wakati hayo yanaendelea, yapo ya kufanywa papa hapa kwa sehemu ndogo ya ile laki sita: ECG ya kulinganisha na ile ya siku ya kulazwa, eko ya moyo kuona unasukumaje, kreatinini, potasiamu, lehemu, na HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi michache. Haya yote yana kikomo kinachojulikana, na daktari anaweza kubadilisha dozi kutokana nayo. Kama kinachomvuta mjomba ni kuona karatasi mpya, hizi zitamfaa.

Vidonge ndivyo vinavyonitisha kuliko hata safari. Tazama bahasha ya kile cha usiku. Mara nyingi kinachoandikwa usiku ni atorvastatini, na kazi yake haiishii kushusha lehemu, hutuliza pia ule utando ukutani usipasuke tena. Miguu kuchoka au misuli kuuma ni malalamiko yanayojulikana kwa dawa hiyo. Daktari anaweza kupima kimeng'enya cha misuli, CK, akapunguza dozi au akabadilisha aina. Kuiruka kimyakimya ndiko kubaya. Na kama kuna aspirini pamoja na klopidogreli, dawa mbili za kuzuia damu isigande, kawaida hupewa pamoja kwa miezi 12 baada ya shambulio, daktari asiposema vinginevyo. Kuziacha mapema kunaweza kuleta damu iliyoganda upya. Kwa sababu ya dawa hizo mbili pia, atakayemtoa damu kwa kipimo chochote ambane pamba dakika tano kamili, asimwachie aende anakunja mkono.

Nyumbani kwake iwekwe karatasi moja ukutani, mtu yeyote aweze kuisoma. Maumivu ya kifua yakizidi dakika chache hata amepumzika, andika saa yalipoanza, atafune aspirini 300 mg kama daktari hajamkataza, msiende mahali pasipo na mashine ya ECG ikiwa ipo palipo nayo karibu. Wakimpima troponini mapema ikawa chini, mwombe mhudumu kwa adabu arudie baada ya saa tatu hadi sita kabla ya kumruhusu. Dawa za kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa kwa wanaostahili ndani ya saa 12 tangu maumivu yaanze, na zinafaa zaidi katika saa tatu za kwanza, ndiyo maana nasisitiza saa iandikwe.

Sasa sindano yako. Sitakuamulia, kwa sababu mimi sitakuwepo siku ya Idi wala siku ya msiba. Lakini nadhani unaweza kumwambia mjomba, bila kukataa na bila kukubali: "Mjomba, nitakutoa damu kama wenye kipimo watanijibu kwanza." Kisha umpigie muuzaji ukiwa umekaa naye, simu iwe na sauti ya nje. Mwulize maabara yao imesajiliwa na nani na kwa namba gani. Mwulize damu inatakiwa izungushwe baada ya muda gani, kwa nguvu gani, mara ngapi, na plazma isafiri katika nyuzi ngapi. Mwulize wanapima vifuko vya seli gani na kwa mashine gani, na kikomo cha mtu mwenye kisukari wamekipata wapi. Mwulize namba ikiwa juu daktari abadilishe nini, na ikiwa chini aache nini. Majibu yaandike kwenye karatasi moja kama atakavyoyasema, bila kuongeza neno lako, umpe mjomba aiweke pamoja na ile ya mfukoni, aende nazo zote mbili kwa daktari aliyeandika rufaa.